Kiti cha Ubavuni mwa Mtoto

Mgeni rasmi, Bwana Reginald Pelkey, mkuu wa elimu wa wilaya yetu. Mwalimu wetu, Bi Claudette Ouellette. Nanyi wazazi mlioacha viazi ghalani mkaja kutusikiliza, habari za asubuhi.

Sisi wasaidizi wa darasa la chekechea tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Barabara ina barafu, na wewe hukugeuza gari. Ahsante sana. Ploye za moto, zile chapati zetu nyembamba, ziko mezani, na siagi haikubaniwa.

KAZI YETU

Kazi yetu ukiitazama ni ndogo. Tunamwaga unga wa ploye kwenye sinia, mtoto anachora herufi kwa kidole huku akitamka sauti yake. Akikosea anatikisa sinia, unga unasawazika, anaanza upya bila aibu. Kalamu huja baadaye, mkono ukishazoea. Bi Claudette ndiye aliyetuita, alipochoka kuona watoto wakirudi kutoka likizo ya mavuno wanajua kuchambua viazi, lakini herufi wameziacha shambani.

TULICHOJIFUNZA

Mgeni rasmi, mafanikio yetu yalianza kwa kichekesho. Msimu huu, baada ya mavuno, tulikuwa bado tunakaa ng'ambo ya meza, tukitazamana na watoto kama makarani wa benki. Ilikuwa wiki ya M. Tukaichora kwenye masinia yetu, watoto wakaiiga kwenye yao, wakafunga midomo, "mmmm," darasa zima likavuma. Tukawapigia makofi. Bi Claudette akapita kukagua masinia, akashika kiuno.

"Jamani, mbona kila mtoto ameandika W?"

Mwenzetu Jeannine akamwinamia Mireille Cyr, binti wa miaka mitano. "Mwanangu, hii umeipindua."

"Sijaipindua!" Mireille akasema, amenuna. "Nimeandika kama ilivyo. Njoo ukae huku uone mwenyewe, shangazi!"

Jeannine akazunguka meza, akakaa. Akaitazama ile M aliyoichora kwa mkono wake. Kutoka kwenye kiti cha Mireille, ilikuwa W.

"Mungu wangu," akasema. "Mtoto yuko sahihi."

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, halafu tukawakumbuka watoto tuliokwisha kuwaita wazito wa kuelewa. Iliuma. Tangu siku hiyo kila msaidizi hukaa ubavuni mwa mtoto, wote wawili wakiangalia upande mmoja. Herufi zimesimama wima. Hata wale wazito, kumbe hawakuwa wazito.

CHANGAMOTO

Tumesikia kwamba kuanzia Januari tutapunguzwa abaki msaidizi mmoja, asimame mbele, na watoto wafuatishe herufi kwenye skrini. Skrini hatuikatai, tunazo hata nyumbani. Lakini mtu mmoja hawezi kukaa ubavuni mwa darasa zima. Atarudi ng'ambo ya meza, atake asitake.

Mireille sasa anaandika jina lake, na amefika kwenye R. Bado ana safari. Juzi alimuuliza Jeannine, "Ukiondoka, nani atakaa huku kwangu?" Jeannine akajifanya anatafuta unga kabatini.

OMBI

Tunalo ombi moja: kabla hujatia sahihi uamuzi huo, kaa kwanza na mtoto.

Unaiona meza kuu pale mbele, yenye kitambaa na maua. Tumeipamba kwa heshima yako, lakini utaona haina kiti. Kiti chako tumekiweka kwenye meza ya unga. Ni kifupi, utuwie radhi kwa magoti yako. Sinia liko tayari, na Mireille anakusubiri. Amesema tusikuelekeze sisi. Yeye mwenyewe atakuonyesha upande wa kukaa.

Mungu akujalie afya njema, na akufikishe nyumbani salama kwenye barafu hii.

Ni sisi,
Wasaidizi wa Chekechea, Shule ya Kijito,
Bonde la Mto Saint John, Maine.