Mzee Poda, Mtu wa Kuuliza Mara Mbili

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuwa babu, mwenzetu tunayemwita Mzee Poda anastaafu rasmi tarehe thelathini Juni. Ni wachache waliowahi kushika cheo hicho kwa muda mrefu hivyo, na ni wachache zaidi waliokianza wakiwa na miaka thelathini na mitatu, bila mtoto hata mmoja, na nywele nyeusi kama lami.

Jarida letu limeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa nimekuwa mkewe katika tamthilia yetu tangu sehemu ya kwanza. Nilikubali haraka, maana daktari wangu amenishauri nisipokee kazi za mwakani. Nilikubali pia kwa sababu najua yatakayosemwa siku ya kumuaga: kwamba ndiye mwigizaji aliyewafundisha watazamaji maana ya ugonjwa wa kusahau. Ni kweli. Ila kuna jambo moja kuhusu usahaulifu ule ambalo yeye hatalisema kamwe, na mimi nikichelewa nitalisahau.

Jina la Poda alipewa na dada wa vipodozi, aliyekuwa akimnyunyizia kichwani poda ya watoto wachanga kila asubuhi ili apate mvi. Akipiga chafya alirudi ujanani, na kamera zikasimama. Aliyeigiza mwanawe wa kwanza alikuwa amemzidi miaka minne, na alikuwa akimpa shikamoo kwa uso wa mtu aliyemeza kidonge bila maji. Kamera zikizimwa tu, shikamoo ilirudi ilikotoka.

Halafu kulikuwa na mguu. Mwongozaji alitaka babu achechemee. Poda akachechemea, lakini leo mguu wa kulia, kesho wa kushoto, mpaka watazamaji wakapiga simu kuuliza ni maradhi gani hayo yanayohama. Ikaamuliwa kwamba mguu mbovu ni wa kulia, naye akaweka kijiwe ndani ya kiatu asije akakosea. Miaka ikapita, mwili nao ukafanya uamuzi wake bila kikao: goti lililokuja kuuma kweli likawa la kushoto. Tangu hapo amekuwa akichechemea kwa mguu mzima na kuuficha ulio mgonjwa. Na alipozeeka sawasawa, mtayarishaji mpya alimkagua kichwa akasema mvi zake hazishawishi, zinaonekana kama poda. Dada wa vipodozi ilibidi atoke nje akacheke.

Wasiozijua tamthilia za mfululizo hudhani kazi ya mzee humo ni nyepesi. Mzee hukohoa, hubariki ndoa, na siku waandishi wakiishiwa la kumpa, hutumwa kwenda kumwangalia dada yake anayeumwa. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka kwa huyo dada. Jirani yetu mwenye duka alikwenda. Mama mkwe akaenda. Mwalimu mkuu mstaafu alikwenda kabla hata hajamaliza kunywa maji aliyoomba. Poda alikuwa akisema nyumba ya dada huyo sasa lazima iwe ya ghorofa, na kwamba mgonjwa mwenyewe amekosa pa kulala.

Miaka minne iliyopita ikawa zamu yangu.

Kabla ya uigizaji nilikuwa mwalimu wa fasihi, na kwa muda mrefu nilijua maneno yangu na ya kila aliyesimama karibu yangu. Sasa nikawa nasimama kwenye lile jiko letu la mbao, sufuria mkononi, mdomo wazi, na neno halipo. Mwanzoni tulicheka sote. Baadaye wakawa wanacheka wenzangu peke yao. Baadaye zaidi hakucheka mtu. Mtayarishaji alipoanza kuniuliza kwa upole kama nina ndugu wa karibu, nilijua dada mgonjwa amekwisha kunitandikia.

Waandishi wetu vijana wakaja na mkasa: Bibi, yaani mimi, apatwe na ugonjwa wa kusahau. Katika mswada wao ugonjwa uliingia Jumatatu. Jumatano Bibi akawa hamjui mumewe, ila anakumbuka vizuri sana mahali wosia ulipofichwa. Ijumaa muziki ukapanda, akawatambua wote mmoja mmoja, akafa. Poda aliusoma pale mezani mpaka mwisho, akavua miwani.

“Wanangu,” aliwaambia, “huu si ugonjwa wa kusahau. Huu ni upelelezi.”

Kisha akaomba ugonjwa huo apewe yeye. Watu wakatazamana. Yule anayeigiza mkwe wetu akanong'ona, kwa sauti iliyosikika hadi kwa mafundi wa taa, kwamba mzee anataka tuzo kabla ya kaburi. “Ndiyo, mwanangu,” Poda akamjibu, “na ikiwezekana iwe nzito.” Wakampa. Ukubwa jaa, kila kitu hutupwa humo.

Ikumbukwe kwamba Poda alikuwa na dada wa kweli, na alikuwa akiumwa kweli, maradhi hayo hayo. Yeye alikwenda kwa dada akarudi. Dada huyo hakujua ni mwezi gani, lakini alijua chai haina sukari. Alimjua pia kila aliyemsemesha kama mtoto, na alimwambia maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Alicheza karata akiiba waziwazi, na akikamatwa alisema sheria amezisahau. Poda alirudi kutoka huko akiwa amejaa kama ghala. Alikataa kutangatanga barabarani na nguo za kulalia. Alikataa kulia dirishani. Babu aliyemwigiza alinuna, alicheka, alimtongoza upya mkewe wa miaka yote, tena kwa maneno matamu kuliko ya mwanzo. Na katika kila sehemu aliuliza swali moja: “Mama, lango umefunga?”

Watazamaji walidhani swali lile ni ugonjwa. Mabingwa wa ugonjwa nao walidhani hivyo. Ukweli ni kwamba swali lile lilikuwa langu.

Nikiwa na jibu, nilijibu, tukasonga mbele. Akiona macho yangu yamekwenda, aliuliza tena, na safari hii jibu lilikuwa limo ndani: “Lango, mama. Si ulisema umefunga, ufunguo uko kwenye birika?” Nami nikasema nimefunga, ufunguo uko kwenye birika. Nikipotea zaidi aliuliza mara ya tatu kwa hasira, na ndani ya hasira hiyo akapakia jina la mtoto anayebisha hodi, na shida iliyomleta, na hata kama mimi nastahili kufurahi au kulia. Mbele ya kamera msahaulifu alikuwa yeye. Nyuma yake alikuwa amebeba maneno yake na yangu, kila siku ya kazi, kwa miaka minne. Hakuna aliyenituma kwa dada.

Mkewe halisi alilalamika kwamba tabia ile imemfuata nyumbani. “Huku kwangu,” alimwambia, “swali moja, jibu moja.”

Tuzo ilikuja, na ilikuwa nzito. Waamuzi waliusifu ujasiri wake wa kurudiarudia. Madaktari walimwita mkutanoni aeleze alijifunza wapi. Akasema alijifunza kwa dada yake na kwa mke wake wa runinga, ukumbi ukampigia makofi kwa unyenyekevu wake. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nikapiga makofi pia. Nilijiona nimevaa kilemba cha mtu mwingine, lakini alikuwa amenikataza kusema lolote maadamu bado niko kazini. Tuzo yenyewe aliniletea mimi, akasema nimtunzie maana yeye ataisahau. Iko dirishani kwangu. Kila asubuhi namuuliza binti yangu ni ya nani, na kila asubuhi ananijibu kwa heshima.

Msimu huu nimeishiwa nguvu, na mtayarishaji akatafuta njia ya kuendelea bila mimi. Alimpa Poda mke wa pili, mwanamke wa miaka arobaini, ili vijana nao watazame. Poda akamshukuru, akasema hana la kumuuliza mama huyo. Wakampa kifo chenye muziki. Akakataa. Mwishowe akachagua mwenyewe: Babu na Bibi wafungashe, waende pamoja kumwangalia dada anayeumwa. Mafundi wa taa walicheka hadi wakashuka ngazini kwa usalama wao.

Siku ya mwisho tulisimama langoni na masanduku yetu. Nilikuwa na neno moja tu la kusema: nimefunga. Likaondoka. Likaondoka pamoja na mswada, na lango, na kwa kitambo hata yule mzee aliyesimama mbele yangu. Akauliza. Nikanyamaza. Mwongozaji akainua mkono ili asimamishe kamera. Poda akauliza tena, polepole, na mara hii hakuweka jibu ndani.

“We mzee,” nikamkunjia uso, “si umeniuliza sasa hivi?”

Hilo halikuwa kwenye mswada. Poda alicheka kicheko chake mwenyewe, si cha Babu, akanishika mkono tukatoka, na kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo yote alichechemea kwa mguu unaouma kweli. Mwongozaji akaliacha vilevile.

Kwa niaba ya wote waliokuwa wanawe, wajukuu zake na wakwe zake, walio wadogo kwake na wanaomzidi umri, tunakushukuru, Mzee Poda. Tunakutakia mapumziko marefu, chai yenye sukari, na goti lililoruhusiwa kuuma upande wake. Nami uje unione. Lango langu halifungwi siku hizi. Ukifika uniulize lolote, na nikinyamaza, uliza tena.