Penseli ya Gelindo Chini ya Benchi

Baada ya miaka thelathini na minane kiwandani, Gelindo Tuzzi, mjaribu viti wetu, alistaafu Ijumaa tarehe 28 Machi, saa kumi na moja jioni, akiwa amesimama. Wageni wa heshima nao walikuwa wamesimama. Makala hii inaeleza kwa nini.

Gelindo ni mtoto wa hapa hapa Manzano, mji wetu wa viti. Mama yake alisuka viti vya nyasi kizingitini mwa nyumba, na yeye mwenyewe aliingia kwetu kama mpiga randa. Hakuna kiti alichokikalia bila kukilalamikia. Mwaka wa tatu marehemu mzee Drusin, mwenye kiwanda, alichoka kumsikiliza, akaamua kulalamika ndiyo iwe kazi yake.

Namna yake ya kazi ilikuwa ngeni kwa wataalamu. Alibeba kiti kipya hadi baa ya Bruna, akakiweka kwenye meza ya wazee wanaocheza karata, kisha akaagiza divai nyeupe na kungoja. Wazee wakigombana kuhusu karata saa nzima bila mtu kukitaja kiti, alikigeuza na kuandika jina lake chini kwa penseli ya seremala. Mmoja wao akisema tu, “Hiki nacho vipi,” kiti kilirudi karakana. Katalogi zetu zilijisifia sana jina hilo la penseli, hata wateja wakawa hawapokei mzigo bila kuinama kulitafuta.

Uongozi ulinunua mashine inayokandamiza kiti mara laki moja. Gelindo aliisalimia kila asubuhi kwa adabu, akaendelea kwenda kwa Bruna.

Kisha ikaja Novemba ya mwaka juzi. Mkewe, Alma, alifanyiwa upasuaji wa moyo, na Gelindo akakaa nje ya mlango kwa muda wa saa tisa, juu ya benchi letu wenyewe, lenye jina lake chini. Kufikia saa ya nne kiuno kilikuwa kinawaka. Kufikia ya saba alikuwa anafikiria kiuno zaidi ya mkewe, na hilo hajajisamehe. Alma alipona. Siku ya pili Gelindo aliingia ofisini kwetu na kusema, “Karata huchukua saa moja. Hospitali huchukua saa tisa. Nimekuwa mjinga.”

Ndiyo maana oda ya mwaka huu ilimgusa: mabenchi mia moja na arobaini kwa ukumbi wa kungojea wagonjwa wa upasuaji. Tulimwajiri msanifu kutoka Milano, Tancredi Vallarsa, mtu mwenye miwani mitatu. Benchi lake halikuwa na egemeo, maana egemeo lingevunja mstari, na lilishuka kidogo kwa mbele ili, kwa maelezo yake, mwili usisahau safari. Mimi ni mtu wa stoo na nilikuwa naleta skrubu tu, lakini niliyasikia yote.

“Lengo si kukaa, mzee wangu,” alisema Vallarsa. “Lengo ni kutulia kidogo tu.”

“Basi mwandikie barua daktari,” alisema Gelindo, “akate upesi.”

Mkurugenzi wetu, Nives Drusin, bintiye marehemu, alimsihi asaini kabla ya wiki ya kwanza ya Aprili kwisha, kwani bila jina lake oda ingekwenda kwingine na watu kumi na wawili wangerudi nyumbani. Gelindo alijua majina yao wote; wawili ni wapwa zake. Alifikiri wiki nzima. Mwishowe akasema, “Nitasaini kwenye sherehe yangu. Ila wageni wa heshima wakae juu yake.”

Wakakubali, maskini. Alma alikuja na kiti chake cha nyasi kutoka nyumbani. Hotuba ya mkurugenzi ilikuwa na kurasa kumi na moja. Ukurasa wa pili, meya alianza kukunja miguu na kuikunjua. Ukurasa wa tatu, Vallarsa aliinuka ili autazame vizuri mwanga wa dirishani, na mwanga huo ukamvutia hadi mwisho. Ukurasa wa nne, mkurugenzi aliketi kidogo anywe maji, akateleza mbele, akaishika meza. Akainuka, mkono kiunoni, na meya naye akasimama. Kisha, mbele ya watu wote, akamwambia fundi mkuu, “Jumatatu weka egemeo. Na uninyooshee hiki kitu.”

Jumatatu jioni benchi jipya lilikaa kwa Bruna, si saa moja bali kutwa ya Jumanne pia, wazee wakipokezana. Waligombana kuhusu karata, kodi na mchezaji mmoja wa zamani. Gelindo, mstaafu wa siku nne, akapiga magoti na kuandika. Watu kumi na wawili wako kazini. Kurasa saba zilizobaki za hotuba zimebandikwa ubaoni. Zinasomeka mtu akiwa wima.

Ndugu Gelindo, asante. Mtu fulani atakaa pale kwa muda wa saa tisa akimfikiria mkewe tu, asijue hata amekalia nini, wala wewe ni nani. Tunakuombea siku ndefu na kiuno chenye afya, na Alma ubavuni.