Ephantus Kagwe, Mlezi wa Farasi wa Ruiru

Wapendwa waombolezaji, familia imenituma nisome maisha ya ndugu yetu Ephantus Kagwe, nami nayasoma kama tunavyoyajua, na pale tusipoelewa mtatuvumilia.

Marehemu alizaliwa Mugutha, mwaka 1916 kwa kauli ya mama, 1917 kwa kauli ya shangazi, na hao wawili hawajapatana hadi leo asubuhi. Alisoma shule ya misheni karibu na Thika hadi darasa la nne, 1931. Mwaka 1934 aliajiriwa katika shamba la farasi wa mbio huko Ruiru, akaanza kwa kufagia mazizi, na kufikia 1950 yeye ndiye aliyeamua farasi jike yupi yuko tayari kupandwa na yupi angoje.

Tarehe 6 Aprili 1940 alifunga ndoa kanisani na Wakonyo, wakajaliwa Ngendo, Waweru na Nyawira. Alikumbuka baba na nyanya wa kila mtoto wa farasi, lakini siku za kuzaliwa wanawe alimwuliza mama yao, naye Wakonyo akamtania kwamba wangekuwa na kwato angezikumbuka.

Tarehe 24 Februari 1958 alikanyaga msumari zizini, akaosha jeraha, akamwomba Wakonyo pumba zilizolowekwa maji moto, akalifunga vile wanavyofunga ukwato, akarudi kwa farasi aliyekaribia kuzaa. Tarehe 5 Machi taya lilikakamaa, akasema ni jino. Hapo ndipo Wakonyo anapochanganyikiwa, nasi pamoja naye, kwa kuwa ni Ephantus huyu aliyemwona farasi kwa mbali mwaka 1953, masikio yamekakamaa, akasema ni pepopunda kabla daktari wa mifugo hajashuka garini, na kila mwaka ndiye aliyewashika farasi wote wadungwe sindano ya kuuzuia ugonjwa huo. Mganga hajigangi, ndivyo Wakonyo anavyoambiwa tangu juzi, na bado neno hilo halimtoshi. Alifariki hospitalini Thika tarehe 9 Machi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani wa Mugutha, wafanyakazi wenzake, na Bwana Gurdial aliyemkimbiza hospitalini kwa lori lake. Wakonyo ameomba niseme kwamba bado anataka kujua ilikuwaje mtu aliyeujua ugonjwa hivyo asiutambue mwilini mwake, na inamuuma, maana mtu pekee ambaye angemwuliza ni Ephantus. Lala kwa utulivu, ndugu yetu.