Maji Mazito Aliyomwachia Bintiye

Habari hizi alizisimulia kwanza dada mkubwa wa marehemu, Alhamisi jioni tarehe 13 Machi, siku moja baada ya kifo, akiwa ameketi kwenye kitanda cha marehemu na kukataza shuka zisiguswe na mtu, nasi wa familia tumeziandika kama alivyozisema, tukaongeza yaliyotokea baadaye, ili zisomwe leo mazikoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1976, mtoto wa tatu na kitinda mimba wa fundi cherehani na karani wa ghala, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1983 hadi 1989, na alikuwa sekondari mama yake alipoanza kudondosha mkasi, kisha sufuria, kisha akaanguka yeye mwenyewe mlangoni, kwani misuli ilikuwa ikimwisha mwilini, na mwaka 1994 akafariki bila daktari yeyote kueleza sababu.

Alihitimu stashahada ya maabara mwaka 1999, na Februari 2001 aliajiriwa katika maabara ya utafiti, kwenye chumba kisicho na dirisha chenye mashine ya kupima uzito wa protini, ambako kazi yake ilikuwa kuzibandika protini alama za kemikali zenye uzito tofauti, ili sampuli za wagonjwa kadhaa zikichanganywa kwenye kichupa kimoja, mashine iweze kusema ipi ni ya nani na ni kiasi gani. Wenzake walimwita Mama Vibandiko, naye aliwajibu kwamba afadhali yeye anabandika alama, wao wanabandika watu lawama.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 2002 na fundi umeme, wakajaliwa binti mwaka 2004 na mvulana mwaka 2009. Kaka yake alifariki kwa ugonjwa uleule mwaka 2015, na mwaka 2022 vidole vya marehemu vilishindwa kufungua kifuniko cha kichupa, jambo ambalo hakumwambia mtu hadi Mei mwaka jana, binti yake aliporudi kutoka chuoni akapanda ngazi kwa kushika ukuta.

Dawa ilikuwepo moja, inayomfaa tu mgonjwa ambaye misuli yake bado inajenga protini mpya, na kwa mwingine huharibu ini bure. Ili kujua hilo, mgonjwa hunywa kila siku maji mazito, ambayo kwa macho na kwa ulimi ni maji tu, ila protini itakayojengwa baada ya hapo hubeba uzito wake, na kipande cha msuli wa paja kikipimwa, mashine hutenganisha mpya na ya zamani. Marehemu na bintiye walipewa chupa zao, wakaziweka kwenye friji, na mwezi Novemba wifi yake, aliyekuja kumuuguza, akatumia baadhi yake kuwapikia wageni chai.

Wageni hawakudhurika. Wifi alilia, akasema, jamani, si nilijua ni maji ya kunywa, marehemu akamjibu, ni ya kunywa kweli, basi njoo tukukate paja tukupime wewe, wakacheka wote wawili, kisha marehemu akaingia bafuni, akafungua bomba, na maji yakatiririka muda mrefu mno.

Chupa zilizobaki zilimtosha mtu mmoja, na nyingine zisingefika kabla ya Aprili. Daktari alimsihi aendelee yeye, kwa kuwa ndiye aliyezidiwa, naye akakataa kwa ukali ambao hatukuwahi kuuona kwake, akasema, anywe mtoto, na anayetaka kunibembeleza asubiri nilale. Bintiye alikunywa akilia.

Mwishoni mwa Februari kipande cha msuli wa bintiye kilikatwa, na marehemu akasukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi maabara kuandaa sampuli mwenyewe, mwenzake akimshikilia kiwiko. Tarehe 8 Machi alilazwa, pumzi ikimpungua, na kila aliyeingia wodini, marehemu alimuuliza kwa macho, maana sauti yake ilishapotea, kama mashine imemaliza. Alifariki Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa moja asubuhi, mashine ikiwa bado haijamaliza.

Majibu yalitoka jana. Misuli ya binti bado inajenga protini mpya, lakini inabomoka haraka kuliko inavyojenga. Dawa itaanza wiki ijayo, na daktari amekataa kutuahidi lolote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokuwa wakimbeba ngazini, na wenzake wa maabara waliokesha na mashine ile. Kati ya ndugu waliotajwa humu, walio hai ni mume wake, dada yake, wifi yake, kijana wake wa kiume, na binti yake, aliyeketi pale mbele, ambaye leo yupo nasi. Pumzika sasa, mpendwa wetu, na hili lililobaki tuachie sisi.