Mzee Nukta na Mstari Uliofunikwa

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele za vyombo huko jikoni. Nawe uliye njiani, sogeza redio karibu na sikio. Leo tunamkumbuka mtu mmoja tu. Kisa chake hakina sukari, na mimi sitakitia.

Tunamkumbuka fundi wa kuandika mabango. Majina ya maduka, vibao vya zahanati, namba za milango, maandishi ya ubavuni mwa malori. Alishika brashi miaka arobaini na miwili. Watu walimwita Mzee Nukta, na jina hilo alilitafuta mwenyewe, kwa sababu kila alichoandika alikimalizia kwa nukta, pasipotakiwa na panapotakiwa. Duka la vipuri, nukta. Choo cha wanawake, nukta. Kinyozi mmoja alimuuliza, "Mzee, sasa hii nukta kwenye jina la kibanda changu ya nini?" Akamjibu, "Hiyo nimekupa bure. Kazi isiyo na nukta haijaisha."

Mzee Nukta alifariki mwezi uliopita, akiwa na miaka sabini na mitatu. Ameacha mjane na binti mmoja. Nilikwenda nyumbani kwao mchana wa Alhamisi. Mlangoni pana kibao cha mbao kimeandikwa KARIBU, na nukta yake. Niliyoyasikia humo ndani ndiyo nitakayowasimulia, na aliyenisimulia zaidi ni mjane, maana huyu fundi mambo yake ya moyoni alikuwa akimwambia mkewe tu.

Tuanze na ukuta. Alipokuwa kijana wa miaka thelathini, kanisa lao lilimaliza kupigwa lipu, na mchungaji wa wakati ule akamwomba aandike mstari wa Maandiko kwenye ukuta wa mbele, juu ya mimbari. "Chagua mwenyewe," akamwambia. Alisoma majuma mawili. Kisha akachagua maneno kutoka waraka wa Yakobo, pale tunapokatazwa kumpa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini akasimame kule. Akayaandika kwa rangi ya mafuta, nyekundu, herufi ndefu kama mkono wa mtu mzima.

Mkewe alimcheka. "Mistari yote hiyo, umekosa wa upendo?"

"Wa upendo watu wanaukumbuka wenyewe," akasema. "Ukutani unaandika ule watakaousahau."

Na alikuwa na sababu yake. Mama yake mzazi alikuwa mfua nguo. Siku moja, katika kanisa jingine, yeye akiwa mtoto, mhudumu alimgusa mama yake begani na kumwambia, "Mama, sogea kule nyuma, hapa wanakuja wageni." Mama akasogea. Mtoto akamfuata, ameshika kanga yake. Hilo hakulisahau.

Miaka ikapita, na dunia ikaingia kanisani polepole, wala haikuvunja mlango. Ilikaribishwa. Kwanza matangazo yakawa marefu kuliko somo. Kisha somo likapunguzwa, eti watu wanachoka. Kisha mahubiri yakawa habari za kuinuliwa, kupandishwa cheo na kuwashinda maadui wa kazini. Mwisho safu ya mbele ikawekwa viti vya sponji, vyenye karatasi za majina. Bandu bandu, wasikilizaji wapendwa, na gogo huisha hivyo.

Kiti cha sponji cha katikati kilikuwa cha mfadhili. Mfanyabiashara mkubwa. Ndiye aliyeezeka paa jipya, ndiye aliyeleta spika. Kila Jumapili alikaa pale, na mbele ya macho yake, herufi nyekundu. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema kitu. Ila siku moja alikuja na wageni wake, mmoja akausoma ukuta kwa sauti, akacheka: "Bwana mkubwa, hapa tumesemwa." Mfadhili hakucheka. Jumapili iliyofuata hakuja.

Kamati ikakutana. Katibu wa kamati alikuwa nani? Binti wa Mzee Nukta, mtoto wake wa pekee.

Wakakata shauri kwamba mstari ufunikwe, na juu yake yaandikwe maneno ya kutia moyo: MWAKA WA KUINULIWA. Na nani aifanye kazi hiyo? Fundi wa kanisa ni mmoja.

Mchungaji alimwita ofisini. Si yule wa zamani, huyu ni wa sasa. Akamwambia kwa upole, "Mzee wetu, Neno liko moyoni, haliko ukutani. Na unajua mwenyewe, mkono mtupu haulambwi."

Mzee Nukta akasema atafikiri.

Binti yake akamfuata nyumbani. "Baba, ni rangi tu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu ni nani hapo, mwanangu? Yakobo?"

"Baba, tafadhali. Ukikataa wewe, watasema katibu ameshindwa hata kumwambia baba yake."

Alimpenda huyu binti. Alimlea kwa brashi ile ile. Akasema, "Haya." Neno moja. Mjane anasema, "Lile 'haya' nalisikia mpaka leo nikiwa nachambua mchele."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo alipokosea. Fundi yeyote wa rangi anajua kwamba rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta. Ukitaka ishike, lazima kwanza upige msasa, ukwangue mpaka ukuta upoteze mng'ao. Usipopiga msasa, rangi itaonekana nzuri miezi michache, kisha itabanduka. Mzee Nukta alijua hilo kuliko mtu yeyote.

Siku ya Jumanne alikwenda kanisani peke yake. Saa sita mkewe akampelekea chakula. Akamkuta juu ya ngazi, ndoo ya rangi ya maji imefunguliwa, nusu ya mstari imeshakuwa nyeupe. Mke wa fundi naye ni fundi nusu. Akauliza, "Baba, mbona sioni msasa?"

Akashuka. Akamwambia kwa sauti ndogo, "Mvua mbili tu, mke wangu. Itabanduka yenyewe. Neno litajitetea."

Baadaye akaandika MWAKA WA KUINULIWA, kwa bluu, herufi safi kabisa. Nukta hakuweka. Kanisa zima halikuona. Mkewe aliona.

Nisimlaumu mzee wa watu. Lakini yeye mwenyewe alijilaumu, nami ninawapa maneno yake kama mjane alivyonipa. Alisema, "Niliuachia ukuta useme lile ambalo mdomo wangu uliogopa." Hakukataa wala hakukubali. Alifanya ujanja. Aliogopa kumwaibisha binti, aliogopa mchungaji, akaliachia Neno la Mungu lipigane peke yake kwa nguvu ya rangi mbovu.

Akaanza kungoja. Jumapili baada ya Jumapili anakaa safu ya tatu, haangalii mhubiri, anaangalia ukuta. Mvua ya kwanza ikapita, hakuna kitu. Mvua ya pili, upande wa kushoto rangi ikaanza kuvimba. Mwezi wa nane, kipande kikubwa kama sinia kikaanguka katikati ya ibada, na chini yake, nyekundu na kamili, likatokea neno moja: MASKINI.

Mama mmoja mzee aliyekuwapo tangu ujenzi alianza kulia. Mzee Nukta aliimba siku hiyo mpaka sauti ikamkauka. "Alirudi nyumbani akala sahani mbili," mjane aliniambia. "Akasema, umeona? Nilikwambia."

Furaha yake ilidumu siku tano.

Kamati ilikutana Ijumaa. Wakasema ni unyevu. Wakasema pia, na binti yake aliandika haya katika kumbukumbu za kikao kwa mkono wake, kwamba mkono wa mzee umechoka na kazi zake siku hizi si za kutegemea. Mfadhili, ambaye sasa alikuwa amerudi kwenye kiti chake, akaleta mafundi wa kisasa. Wakaufunika ukuta wote kwa mbao za kung'aa, na katikati wakafunga skrini kubwa. Kila skrubu ilipita katikati ya herufi. Mzee Nukta alikuwapo. Alisimama mlangoni akaangalia vumbi jekundu likianguka, na mtu mmoja akilizoa kwa kizoleo na kulitupa nje.

Mbao hazibanduki, wasikilizaji wapendwa. Alilijua hilo pia.

Jumapili iliyofuata, ulipofika wakati wa shuhuda, akasimama. Hakuwahi kusimama miaka yote ile. Akapewa kipaza sauti. Akasema, "Ule haukuwa unyevu. Ulikuwa ni mimi. Niliombwa kufunika Neno, nikaogopa kukataa, nikapaka bila msasa nikitumaini litajifunua. Nimewadanganya ninyi na nimemdanganya Mungu. Naomba mnisamehe. Na mstari ule mbao zitolewe, usomwe." Kisha akausoma wote kwa moyo, mpaka mwisho.

Mnafikiri nini kilitokea? Hakuna aliyemkemea. Hakuna aliyekasirika. Mchungaji alitabasamu, akasema, "Ushuhuda mzuri sana wa unyenyekevu. Hebu tumpigie makofi mzee wetu." Na kanisa zima likapiga makofi. Kinanda kikaingia. Kwenye skrini likatokea tangazo la semina ya biashara.

Alitoka kwa mlango wa pembeni. Mkewe alimkuta amekaa kwenye ngazi za nje. Akamwambia, "Wangenipiga ningejua wamesikia."

Baada ya hapo hakuandika tena. Nilionyeshwa brashi zake, tisa, ndani ya kopo la maziwa. Fundi wa kweli halali kabla hajaosha brashi. Zile zimekauka zote, ngumu kama vijiti, na rangi ya bluu bado iko kwenye nywele za brashi. Kifua kikamshika. Majuma kumi na moja akawa wa kitandani. Binti alimuuguza vizuri, lazima niseme hivyo, alimwogesha na kumlisha mwenyewe. Siku mbili kabla ya kufa akamwambia, "Mwanangu, Neno halikutaka ujanja wangu. Lilitaka nikatae tu. Ningekataa tu." Binti akamwambia apumzike. Hayo yakawa maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri.

Sasa mazishi. Ibada ilikuwa kanisani mwao, chini ya skrini. Watu walijaa. Mfadhili alituma ujumbe wa watu sita, wenye suti. Binti, akiwa katibu, ndiye aliyepanga viti. Alikuwa na karatasi mkononi.

Nilimuuliza binti kuhusu siku ile. Alikuwa amekaa sakafuni karibu na mama yake, anakunja nguo za marehemu. Hakuinua uso. Akasema, "Safu ya mbele ilijaa. Wale sita walifika wamechelewa, na mimi nilikuwa nimeshaandika majina yao. Mama akaja na fimbo yake, akaniuliza, mwanangu, nikae wapi? Nikamwambia, mama, sogea kule nyuma kidogo, hapa wanakuja wageni."

Akaacha kukunja. "Nilipoyasema ndipo nikayasikia."

"Ukafanya nini?" nikamuuliza.

"Hakuna. Ibada ilikuwa imeshaanza."

Mjane alizikiwa mume wake akiwa amekaa nyuma, karibu na spika, na jeneza hakuliona. Aliniambia hivyo bila hasira. Nadhani hasira ingekuwa afadhali.

Kwa mjane na kwa binti, kwa mafundi wote wa brashi waliojifunza kwake, na kwa yule mama mzee aliyelia, sisi hapa studioni tunasema poleni sana. Poleni kwa msiba huu, na poleni kwa ule mwingine ambao haukutangazwa. Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Na wewe unayenisikiliza, Jumapili ukifika kanisani, kabla hujakaa, geuka utazame nani amesimama nyuma. Kisha jiulize ni mstari gani kwenu umefunikwa, na brashi ilikuwa mkononi mwa nani. Jiulize kama uliombwa, na kama ulisema "haya."

Nilipokuwa naaga, mjane alinisindikiza mpaka mlangoni, penye kile kibao. Akaniuliza, "Mwanangu, hiki kipindi chako kinadhaminiwa na nani?"

Nikamwambia ukweli. Na mfadhili yule yule.

Akanitazama, akatikisa kichwa. "Basi na wewe utapaka bila msasa."

Nilikuja studioni leo nimekusudia kumwambia mkuu wangu kwamba baada ya kumbukumbu hii tangazo la mfadhili lisipigwe. Nilipita mbele ya mlango wake mara mbili. Ulikuwa wazi.

Linaanza sasa.