Mikono Miwili Kwenye Patasi Moja

Njooni karibu na kitanda, wanangu, nyote wawili, tena simameni upande mmoja, maana sina nguvu ya kugeuza shingo kumtazama huyu kisha yule. Na wewe, binti yangu, endelea kunibonyeza tumbo kwa hilo shuka, usilie, ukilia mkono unalegea. Gari la wagonjwa limerudishwa kwa mawe, tumesikia wote, kwa hiyo tusidanganyane: ninakufa, na patasi iliyoniua imetoka katika karakana yangu mwenyewe, nami niliinoa kwa mikono yangu. Sikilizeni basi, na asinikatize mtu.

Huko nje, upande wa juu wa barabara wamekusanyika vijana wa kanisani kwako wewe mdogo, na chini wamekusanyika wa msikitini kwako wewe mkubwa, na petroli naisikia harufu yake mpaka humu ndani. Wanangoja kuambiwa ni nani kati yenu aliyemchoma mama yake. Wakiambiwa ni mkubwa, huku chini kutateketea. Wakiambiwa ni mdogo, kule juu hakutabaki paa. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Majirani zetu hawa wamechukua mawe.

Mimi ni Mkristo, na baba yenu alikuwa Mwislamu hadi pumzi yake ya mwisho, na maisha yangu yote watu wameniuliza tuliwezaje. Wengine wakanisifu, eti nimetambua kwamba dini zote ni moja. Uongo! Sijapata kusema neno hilo, na msije mkanisingizia nikishazikwa. Mimi naamini Yesu ni Mwana wa Mungu, alisulubiwa, akafa, akafufuka. Baba yenu aliamini Isa ni mtume mtukufu, hakuuawa wala hakusulubiwa, na Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Mtu hawezi kufa na papo hapo asife. Mmoja wetu alikuwa amekosea, tulilijua hilo tangu siku ya ndoa, na kila mmoja alimwonea mwenzake huruma ya kweli. Alikuwa akinitania, "Siku ya kiyama nitakutafuta, mke wangu, mradi usijifiche kwa aibu." Nami namjibu, "Utanikuta mlangoni, nakuombea uruhusiwe kuingia."

Tulibishana, tena sana, lakini mnakumbuka wapi. Kwenye msumeno wa watu wawili. Ndiyo ilikuwa sheria yake: mwenye neno la dini ashike mpini mmoja, mpinzani wake ashike wa pili, gogo liwe katikati. Msumeno ule unavutwa, hausukumwi. Ukimsukumia mwenzio bamba linapinda na kazi imeharibika, kwa hiyo ukishavuta sharti umwachie naye avute. Nanyi mlikua hivyo, mkubwa na aya yake, mdogo na mstari wake, jasho linawatoka, na jioni mbao zimejaa ukutani. Kisha mkanunua msumeno wa umeme, mkabaki na maneno matupu na mikono isiyo na shughuli.

Damu ya jambo hili niliiona kabla yenu. Mlikuwa wadogo siku ile ya mhadhara kwenye uwanja wa soko, wahubiri wa pande mbili walipopanda jukwaani, kila mmoja na kitabu cha mwenzake mkononi, akikisoma ili kumwaibisha mwenye kitabu. Kabla jua halijatua jukwaa lilikwisha vunjwa na miguu ya meza imekuwa marungu. Nilimkuta baba yenu kwenye mtaro, jicho la kushoto limetoka, linaning'inia shavuni, na kando yake mwalimu wetu wa kwaya amepasuliwa kichwa, hakuamka tena. Jiwe lililompata baba yenu lilirushwa na kaka yangu, mjomba wenu; niliuona mkono wake ukilirusha. Nikataka kupiga ukelele nimtaje. Baba yenu akanishika kidevu, uso wote damu, akasema, "Ukimtaja watamchinja, utamkosa kaka, na mimi jicho sitalipata." Nikanyamaza. Kaka huyo sijamsamehe, sitawadanganya wakati roho iko mlangoni. Msimguse, ila mazikoni kwangu asije.

Na leo asubuhi, je? Msalaba wa kanisa ulikuwa umekwisha, umebaki kupakwa vanishi. Wewe mkubwa ukasema hutaki uongo uchongwe katika karakana ya baba yako, ukaupasua kwa shoka. Wewe mdogo ukamtukana Mtume kwa neno ambalo sitalitia kinywani mwangu. Ulimi hauna mfupa, lakini umevunja mifupa humu. Mkang'atana kama mbwa, huyu akambamiza yule kichwa ukutani hadi plasta ikadondoka, mkaishika patasi moja kwa pamoja, kila mmoja akiisukuma imwingie mwenzake. Nikaingia katikati. Ningefanya nini, nami nimewazaa wote?

Nyumba hii ni ya dada yenu, asiulizwe. Karakana msiigawe, asiyetaka kufanya kazi na ndugu yake aondoke mikono mitupu. Nizikeni Kikristo. Jeneza alitengeneze mkubwa, abebe mbele, na sala zikianza asimame kando, asiitikie amina asiyoiamini, wala mdogo asimlazimishe. Msalaba wa kaburi auchonge mdogo; mkubwa asiuguse, na asiung'oe. Mkitaka kubishana, bishaneni mpaka mzeeke, ukweli haupungui kwa kubishaniwa.

Sasa... ngojeni nivute pumzi.

Sasa tokeni nje kabla sijafa. Msibadilishe mashati, waione damu. Shikaneni mikono, simameni katikati ya barabara, mseme: "Mama yetu tumemchoma sisi wawili." Msiseme ni ajali. Msimsingizie shetani, ana dhambi zake za kumtosha. Polisi watakuja, mtafungwa wote wawili, najua, na moyo unaniuma kuliko tumbo, lakini hakuna msikiti utakaochomwa kwa ajili yangu, wala kanisa. Kama ni mawe, yawapige pamoja.

Inameni niwaguse. Mungu huyu mnayemgombania awaone, awahurumie, awarudishe nyumbani mkiwa wawili. Maziwa yangu mliyonyonya yawe halali yenu. Nendeni. Nendeni, wanangu... usinitazame hivyo, mwanangu mdogo, nenda.

Binti yangu, fungua dirisha. Zaidi... Wamefika? Baridi hii imetoka wapi... Mbona kimya... Ah. Sauti ya mdogo hiyo. Na ile... ile ya mkubwa. Umesikia, mwanangu? Wamesema... pamoja. Hakuna aliyemtangulia mwenzake.