Waliomwagilia Ukuta Sisi Tukiwa Kilungu

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, uliyefika saa nne kwa sherehe ya saa mbili. Chifu wetu, uliyefika saa mbili ukakuta sisi wenyewe hatujafika. Mchungaji Mwangangi pamoja na wazee wa kanisa. Ndugu wageni mliotoka sokoni Tulia mkafunga maduka kwa ajili yetu. Akina mama wa mwethya wa Kwa Kalunde, wenye migongo iliyobeba mawe haya. Akina baba, mliokuja kila siku kutuangalia tukiyabeba. Na nyinyi vijana wa kule nyuma, mnaoipiga picha pampu kabla haijatoa hata tone: hamjambo? Sijasikia. Hamjambo? Haya, afadhali.

Mimi ni Kalekye, mama yake Wayua, mwenyekiti wa mwethya huu, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, kwa miaka kumi na minne. Shule nilifika darasa la tatu. Kuna waliofika mbali zaidi, nimebeba mawe nao, na sikuona jiwe likimwuliza mtu cheti. Nimepewa dakika tano nitoe shukrani. Nitazitoa, lakini zitakuwa zaidi ya tano. Mheshimiwa ametukalisha juani karibu saa mbili, hatashindwa kukaa nasi robo saa.

Kwa wageni wasiojua, hiki mnachokiona ni bwawa la mchanga. Mto wetu una maji miezi miwili, miezi mingine ni barabara ya mbuzi. Basi unajenga ukuta kukata mto, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani yake, jua lisiyafikie. Halafu unafunga pampu. Ni kazi ya mikono tu. Kazi ya mikono na, kama mtakavyosikia, ya masikio pia.

Hapo mezani, chini ya soda ya Mchungaji, kuna karatasi. Katibu wetu Nduku ataisoma nikimaliza. Ina majina ya nyumba arobaini na mbili zitakazochota maji hapa. Nyumba isiyosomwa itaendelea kwenda kisima cha Ndululu, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na wakati wa kiangazi hata huko unachota matope. Nyumba mbili hazimo: ya Bi Khamisa na ya Kyule. Nataka mjue ni kwa nini, na nataka mlisikie kutoka kwangu, kwa sababu aliyewaondoa ni mimi.

Kyule ni mjukuu wangu, mtoto wa Wayua. Ndiye yule amesimama kando ya pampu na spana mkononi, maana kamati yetu ilimwomba aifunge pampu ambayo haruhusiwi kuitumia. Bi Khamisa ni mjane wa marehemu Jamal mwenye duka la Tulia. Yuko pale kwenye sufuria. Pilau mtakayokula ameipika yeye. Nimechunguza kanuni zetu, pilau yake haina tatizo.

Miaka mitatu iliyopita tulijenga ukuta wa kwanza, hapa hapa. Fundi alikuwa Kyule, ametoka chuo cha ufundi na karatasi yake. Siku tuliyomaliza kumwaga zege alikuja jikoni kwangu.

"Susu," akaniambia, "simiti haikomai kwa jua, inakomaa kwa maji. Nipe watu wanne waimwagilie wiki nzima."

Nikamwambia haiwezekani. Mchungaji ametangaza siku saba za kufunga na kuomba, na hakuna mkono utakaogusa kazi. Mungu atauangalia ukuta wake.

"Na Mungu amekuambia hataki tumsaidie?"

Nikamwambia anyamaze, yeye amesoma chuo, lakini maji yaliumbwa na Mungu.

"Sawa, Susu. Basi tuyatumie."

Nikamfukuza jikoni na mwiko. Mjukuu mwenye majibu kama hayo utafanyaje naye? Wazee wakayachukua mapipa ya maji wakayafungia stoo ya kanisa, ili asije akatuharibia maombi.

Na tuliomba vizuri, asiseme mtu hatukuomba. Mimi nilipoteza sauti. Mwezi wa kumi na moja mvua ikanyesha huko juu, mto ukashuka. Mchungaji alikuwa ametuhubiria kwamba imani huhamisha milima. Milima haikuhama. Kilichohama ni ukuta, ukaenda kulala shambani kwa Mutisya, juu ya ndengu zake.

Tukaitana kanisani. Swali lilikuwa moja: nani ametenda dhambi? Maana ukuta wa watu waliookoka hauwezi kuanguka hivi hivi. Kyule akasimama akasema, kwa heshima kabisa, "Hakuna aliyetenda dhambi. Simiti ilikosa maji."

Ndugu zangu, angetutukana tungekasirika kidogo. Hakututukana, ndiyo sababu tulikasirika sana. Alituondolea shetani, tukabaki sisi tukitazamana. Mzee mmoja akamwuliza, simtaji jina, na Mutisya acha kuinamisha kichwa watu watajua ni wewe, akamwuliza, "Kijana, wewe unaamini au huamini?" Kyule akajibu, "Kwa sasa, baba, siamini. Lakini hata simiti haijawahi kuniuliza."

Tukamfuta kanisani, tukamfuta kwenye mwethya. Hoja niliitoa mimi, bibi yake.

Halafu, kwa vile hasira ilikuwa bado ya moto, mtu akakumbuka kwamba Bi Khamisa pia alibeba mawe. Mwislamu. Huenda jiwe lililobebwa na asiyeomba kama sisi ndilo lililouangusha ukuta. Tukashuka mtoni kuyatafuta mawe yake. Hatukuyatambua. Yote yalikuwa ya kijivu. Tukaona njia iliyo salama ni kutunga Kanuni ya Nne: mwanachama wa mwethya na mchotaji wa maji lazima awe mshirika wa kanisa. Wakati huo Bi Khamisa alikuwa ameishi nasi miaka ishirini na mitatu. Alikuwa amewapokea wajukuu wangu wawili kwa mikono yake, maana hospitali iko mbali. Tulimshukuru kwa barua.

Mwaka jana tukajenga ukuta wa pili, huu. Tulimleta fundi kutoka Kitui mjini, mshirika mzuri, ana kadi ya kanisa. Alipomaliza akatwambia, "Mmwagilie maji siku kumi na nne, mfunike na magunia." Akasema maneno yale yale ya Kyule! Kwa kuwa yeye ana kadi, tulimwitikia amina. Kesho yake asubuhi tukapanda basi.

Ndiyo, tukapanda basi. Mnacheka nini? Nusu yenu mlikuwa ndani. Tulikuwa tumepata ufunuo kwamba maombi ya ukuta wa kwanza yalishindwa kwa kuwa tuliyafanya karibu mno na mto. Basi tukaenda kambi ya maombi kule Kilungu, milimani, wiki mbili. Baridi ya Kilungu mnaijua. Tuliomba tumejifunika blanketi mbili mbili, tukila maparachichi, tukimkumbusha Mungu kwamba kule Kwa Kalunde kuna ukuta.

Tuliporudi, nilikuwa wa kwanza kushuka mtoni. Nikakuta ukuta umefunikwa magunia mwanzo hadi mwisho, na magunia yamelowa. Katika jua lile! Nikapiga kelele, watu wakaja mbio, tukaimba mpaka jioni. Malaika wameumwagilia ukuta wetu.

Nilitoa ushuhuda hapa Jumapili tatu. Nikaitwa Mbumbuni kwa kanisa la dada, nikatoa na huko, wakanivisha leso. Nilieleza mpaka mabawa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili sijalisema mbele ya watu. Siku ile, kabla sijapiga kelele, niliona nyayo. Zilikuwa za punda. Niliona na mavi ya punda, mabichi. Niliona magunia ni ya sukari, yana alama nyekundu ya duka la Jamal, alama ninayoijua kwa sababu nimekopa sukari hapo maisha yangu yote. Nilijua, watu wa Mungu. Kwa muda wa kama kupepesa jicho nilijua kila kitu. Halafu nikaamua ni malaika.

Kwa nini? Kwa sababu malaika hangetaka kuandikwa kwenye orodha.

Wiki iliyopita Nduku aliniletea karatasi hii niweke sahihi. Nilishindwa. Nikaenda dukani kwa Bi Khamisa nikakaa kwenye lile debe lake, nikamwuliza, "Mama Fahima, ni wewe?"

Akasema, "Ni punda."

"Usinichezee. Mbona hukusema?"

"Mama Wayua, mlirudi mmefurahi hivyo, mnaimba. Mimi ni nani nibishane na malaika?"

Akanieleza. Kyule alienda kwake siku ile ile basi lilipoondoka. Akamwambia, "Simiti ina kiu, na mimi sina punda." Bi Khamisa akajibu, "Mimi ninao wawili." Siku kumi na nne, safari mbili kila siku, kutoka kisima kile kile cha Ndululu mnachotaka abaki nacho. Mchana Bi Khamisa alikuwa anasimama kuswali, na Kyule anamshikia punda. Siku moja Kyule akamwambia, "Mama, mimi nadhani huko juu hakuna anayesikia." Bi Khamisa akamjibu, "Basi punguza sauti, asije akakusikia." Wakacheka, wakaendelea na kazi.

Mnaona? Mmoja anaamini kwa njia nyingine, mmoja haamini kabisa, na wote wawili hawajabadilisha hata neno moja la imani yao. Ila ukuta umesimama. Sisi tulioamini pamoja, kitu kimoja, kwa sauti moja, tulikuwa Kilungu.

Mchungaji, usiangalie chini, wewe ni mtu mwema. Mlioharibikiwa ndengu, mliofiwa, mnajua. Mutisya alipofiwa na mke, Mchungaji alilala kwake siku tatu, na mawe ya ukuta huu aliyabeba akiwa na viatu vya Jumapili. Juzi nilimpelekea jambo hili. Akaniambia, "Mama, tukiwaingiza hao wawili, watu watasema kuamini na kutoamini ni mamoja." Nikamjibu, Mchungaji, nani amesema ni mamoja? Mimi naona Kyule amekosea, na nitamwambia hivyo mpaka nizikwe. Yeye naye ananiona mimi nimekosea, mtoto mjeuri. Bi Khamisa anatuona wote wawili tumekosea, lakini yeye ana adabu, hasemi. Hayo tutayamaliza mbele ya Mungu, kama Kyule atakubali kufika. Lakini Yesu mwenyewe alipokuwa na kiu kisimani alimwomba maji mwanamke Msamaria, na Biblia yangu haisemi alianza kwa kumwuliza kadi ya ushirika.

Na mwenye kunielewa vibaya anielewe vizuri: mimi bado naomba. Asubuhi ya leo nimeomba. Sisemi Mungu hakujibu yale maombi ya Kilungu. Nasema alijibu wakati ule ule, kwa punda wawili, Mwislamu mmoja na kijana asiyemwamini, na mimi nikaona haya kwa sababu ya watu aliowatuma. Akili aliyompa Kyule aliitoa wapi? Sokoni Tulia?

Basi, tumalize. Kanuni zetu zinasema kanuni hufutwa na theluthi mbili ya nyumba, ndiyo nyumba ishirini na nane. Mwenyekiti anaweza kuuliza mahali popote wanachama walipo. Mpo. Nauliza: nani anataka Kanuni ya Nne ifutwe, na nyumba hizi mbili ziandikwe leo, kabla pampu haijaguswa?

Msimwangalie Mchungaji. Yeye anakaa Mbumbuni, anakunywa maji ya huko. Mheshimiwa, shusha mkono wako, wewe si mwanachama, ingawa nimeuona na wakati wa uchaguzi nitaukumbuka. Kalunde, huo ni mkono au unajikinga jua? Inua sawasawa. Nduku, hesabu. Hesabu na wako. Kumi na tisa. Ishirini na moja. Nangoja, mimi sina haraka, nimesimama kwenye foleni za maji maisha yangu yote. Ishirini na sita. Ishirini na saba.

Ishirini na saba, ndugu zangu. Na huo ni pamoja na wangu.

Mutisya. Wewe ndiye ulimwuliza anaamini au haamini. Sikuulizi unaamini nini leo. Nakuuliza Bi Khamisa atachota wapi kesho asubuhi.

Haya. Haya, Mutisya. Hata nusu mkono Nduku ataukubali. Ishirini na nane.

Andika, Nduku, kwa kalamu isiyofutika: nyumba ya Khamisa, nyumba ya Kyule. Bi Khamisa, acha hiyo pilau iungue kidogo, ufute mikono, uje. Wewe ndiye utakayepiga pampu kwanza. Mchungaji ataomba, kwa ufupi. Bi Khamisa ataomba kwa njia yake. Kyule atanyamaza, na sisi tutamwacha anyamaze. Halafu tutakunywa, wote, kwa kikombe kimoja, kwa sababu Chifu alisahau kuleta vingine.

Mheshimiwa, Chifu, Mchungaji, wageni wetu: nawashukuru kwa kuuvumilia mdomo wangu kwenye jua hili. Jumapili nitakuwa Mbumbuni kurekebisha ushuhuda wangu, na leso yao nitawarudishia ikiwa imefuliwa. Asanteni kwa kunisikiliza. Pigeni pampu.